Kadi ya Kliniki Ndani ya Katoni

Mwenye duka katikati ya Nairobi ana haki ya kulalamika. Anafika saa kumi na mbili asubuhi, kibaraza kinanuka mkojo, wateja wanavuka barabara kwa kuogopa kunyang'anywa simu. Leseni ya kaunti ameilipia. Akiwaomba kanjo, askari wa kaunti, wawaondoe wanaolala pale, haombi jambo la ajabu.

Lakini tuitazame hesabu. Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchini Kenya, Nairobi peke yake 15,337. Idadi hiyo hutajwa kana kwamba ni gharika. Mimi huigawa kwa wadi 85 za jiji, na napata watu 180 hivi kwa wadi. Hao hawajazi hata shule ndogo ya msingi. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 4,397,073 jijini. Katika kila wakazi 1,000, walio mitaani hawafiki wanne. Hata tukisema nusu yao hawakuonekana siku ya kuhesabiwa, bado ni watu 360 kwa wadi. Wahudumu wa jamii watatu wanaweza kuwajua wote kwa majina.

Na kujuana kwa majina ndiyo kazi yenyewe, ndiyo hiyo msako wa kanjo unaivuruga. Kijana mwenye kifua kikuu humeza dawa kila siku kwa miezi sita. Mhudumu humfuata kibaraza kile kile, humsalimu wiki nzima kabla hajakubali kwenda kupimwa. Kisha usiku mmoja lori linakuja. Gunia na katoni zinarushwa ndani, na kadi ya kliniki iliyofichwa kati ya katoni inakwenda nazo. Kesho yake kijana anakohoa mbele ya duka la mtu mwingine, mtaa mwingine, na dawa zimekatika. Mwenye duka wa kwanza amepumua siku mbili tatu tu.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni ya ushauri Desemba 4, 2020: sheria za uzururaji, tulizorithi kwa wakoloni, zinakinzana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Wanaotetea misako husema maoni hayo hayaizuii kaunti kulinda usafi, na hapo wana hoja. Ila pale choo kinapolipiwa, asiye na shilingi mfukoni ajisaidie wapi?

Ningeanza na sharti moja katika sheria ndogo za kaunti: askari asimwondoe mtu kabla mhudumu wa wadi hajajulishwa na kupewa siku kadhaa za kumtafutia pa kulala, na dawa, karatasi na blanketi zisiguswe. Mwenye duka naye apewe namba ya mhudumu huyo, ili akipiga simu alfajiri impate mtu anayemjua aliyelala mlangoni pake.