Ardhi iko juu ama chini?
Mmeandika kwamba wamisionari wamepata ekari mbili Budalang'i, huku magharibi mwa Kenya mto Nzoia unakofurika, wataanza na kanisa, shule baadaye. Vizuri. Ila sisi wa bonde la Nzoia swali letu la kwanza ni hilo hapo juu. Mwaka 2020 mto ulipovunja kingo tulilala kwenye kanisa la mabati, magodoro juu ya mabenchi, kuku wamefungwa miguu karibu na madhabahu (pasta hakufurahia). Njaa tulivumilia, kilichotushinda ni choo. Shimo lilifurika siku ya pili, kina mama wakawa wanangoja giza. Basi wamisionari, inueni sakafu, jengeni vyoo vilivyoinuliwa, wekeni tangi la maji ya mvua. Na ufunguo wa kanisa msiende nao Kisumu, mwachieni jirani.