Wageni wa tangi

Tangu mwaka wa sensa, 2022, nyumba yetu ya Mabatini, Mwanza, ina namba mlangoni na mtaa una kibao. Hakuna anayevitumia. Ukimtajia bodaboda namba ya nyumba atakuuliza, "Kwani hapo ni kwa nani?" Sisi tulikuwa "kwenye tangi la bluu juu ya jiwe." Jiwe lenyewe liko nyuma ya jiko na linaizidi nyumba kimo. Baba alipojenga, wapasuaji walitaka walichome moto kwanza, ndipo walivunje kwa nyundo. Aliposikia bei akasema Mungu ameshamjengea mnara, akapandisha juu yake tangi la lita 1,000. Mama akauliza habari ya kamba.

"Maji ni mazito kuliko kamba," Baba akajibu.

Kweli, yakiwemo. Kwetu mlimani maji hupanda usiku, tena yakipenda. Usiku wa kuamkia posa ya dada hayakupenda. Alfajiri ikaja ile mvua ya kutoka ziwani, inayotanguliwa na upepo wa kung'oa mabati. Tukasikia du! nyuma ya jiko, kisha du-du-du ikishuka mtaani. Mbwa wa mteremko mzima walibweka kwa zamu, kadiri lilivyowapitia.

Kulipokucha tukaambiwa liko kwa mzee mmoja mstaafu, chini kabisa karibu na barabara. Limenasa juu ya jiwe lake, limesimama wima kama limepandishwa na fundi. Njiani lilikuwa limepita na uzio wa mtu na choo kimoja ambacho, namshukuru Mungu, hakikuwa na mtu. Baba akasema litafuatwa wageni wakishaondoka.

Wageni walikuwa wanatoka Sengerema, wanavuka kwa feri ya Kamanga. Baba ndiye aliyemwelekeza mshenga kwa simu, wiki nzima kabla: ulizia Mabatini, panda, tafuta jiwe lenye tangi la bluu.

Saa nne, kimya. Saa tano pilau likaanza kukauka. Baba akapiga simu, akaweka spika ili sote tusikie.

"Mwangaluka, mzee wangu. Mmefika wapi?"

"Tumeshafika! Tunakula."

"Mnakula wapi?"

"Si hapa kwako? Wabeja sana, sato ni mtamu."

Sasa, yule mstaafu ana mabinti watatu, wote wamemaliza chuo, wote wako nyumbani. Wazee wenye makoti na fimbo walipobisha hodi wakiuliza kama ndipo penye binti, yeye alichouliza ni kama wameshakunywa chai. Tulipofika tulikuta mazungumzo yako kwenye ng'ombe. Binti mkubwa alikuwa ameshaitwa kuwaamkia wageni, na kwa alivyojitanda khanga, sikuona dalili ya kupinga.

"Jirani, hawa ni wageni wangu!" Baba akafoka.

"Waliambiwa waje kwenye tangi," mzee akasema, hata kuinuka hakuinuka. "Na tangi liko kwangu."

Ikabidi aitwe mwenyekiti wa mtaa. Wageni wakapandishwa mlimani wakihema, wakala mara ya pili kwa kumwonea haya Mama. Kisha Baba akakohoa, akataja ng'ombe ishirini.

Mshenga akafuta mdomo, akatazamana na mwenzake.

"Kule chini," akasema taratibu, "tulikuwa tumeshafika kumi na mbili."