Vipaji Tabora na Kigoma: tunabishania lango, chekeche limetoboka

Tabora ina neema ambayo mikoa mingi haina. Kati ya sekondari saba za serikali za vipaji maalumu, mbili ziko mjini hapo: Tabora Wavulana na Tabora Wasichana. Nyingine ni Ilboru, Kibaha, Kilakala, Msalato na Mzumbe. Kigoma haina hata moja. Mtoto wa Kasulu au Buhigwe akipangiwa mojawapo, inabidi afunge sanduku na kusafiri. Na matokeo ya darasa la saba yakitangazwa, ubishi ule ule hufufuka: shule hizi ziendelee kuchota vichwa vya nchi nzima, au zigeuzwe za kawaida ili vichwa hivyo vibaki kwenye shule za kata?

Wanaozitetea wana hoja nzito. Maabara yenye kemikali na walimu wa fizikia wa kutosha huwezi kuvipeleka kila kata kwa mkupuo, kwa hiyo ni afadhali pawepo mahali pachache vilipokamilika. Bweni nalo si jambo dogo kwa binti ambaye kwao jioni ni ya kuchota maji na kupika. Tena mtoto aliyezoea kuwa wa kwanza bila jasho anakutana na wanaomzidi, na hilo humfaa. Watetezi hawachoki kumtaja Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora kuanzia 1937 hadi 1942, ingawa enzi hizo shule ile ilianzishwa kwa ajili ya watoto wa machifu zaidi kuliko watoto wenye akili.

Wapinzani hujibu kwamba sifa ya shule hizi inatokana na wanaoingia, wala si kinachofanyika ndani. Ushahidi wao uko jirani. Nchini Kenya, watafiti Adrienne Lucas na Isaac Mbiti waliwalinganisha wanafunzi waliopenya kwa alama chache kwenye shule za kitaifa, zilizochukua wenye alama za juu, na waliozikosa kwa alama chache. Mwisho wa sekondari hapakuwa na tofauti ya maana. Hoja hii ina mpaka wake, maana inawahusu walio ukingoni, haimgusi yule aliyewaacha wenzake mbali. Lakini inatosha kumnyamazisha anayedai kuwa geti la shule ndilo linalotengeneza akili.

Tatizo tunaliona mapema zaidi. Chekeche linalotumika ni mtihani mmoja, mwisho wa elimu ya msingi, ambao sehemu kubwa ni maswali ya kuchagua jibu. Mtihani huo unapima vizuri kilichofundishwa na kukumbukwa. Mtoto wa shule yenye walimu kamili au wa kambi ya kukesha atapata alama nzuri, na anastahili pongezi. Mwenye kipaji aliyekaa miaka mitatu kwenye darasa la watoto 100 bila kupewa lolote jipya, huenda alishazima zamani.

Tazama daftari moja la darasa la nne. Swali: 25 × 16. Mtoto ameandika 400, basi, hakuna kingine. Mwalimu amepiga kosa kwa wino mwekundu: "Njia iko wapi?" Muulize mtoto, atakwambia kwamba 16 ni nne mara nne, 25 mara nne ni 100, na 100 mara nne ni 400. Njia ipo, tena nzuri kuliko ya ubaoni. Likijirudia hilo mara kumi, atajifunza kuandika kama wengine au kuacha kuandika.

Kumtambua mtoto huyu hakuhitaji mtaalamu kutoka mbali. Anza darasa la tatu au la nne, na wapime wote. Ukiwaambia walimu wakuletee "wenye akili", watakuletea wasafi, wasikivu na wanaojua Kiswahili vizuri. Anayewaza kwa Kiha nyumbani na kusitasita darasani atasahaulika. Wilaya ya Broward huko Florida, Marekani, ilipoanza mwaka 2005 kuwapima watoto wote badala ya kusubiri mapendekezo ya walimu na wazazi, idadi ya watoto maskini waliotambuliwa ilipanda sana.

Kipimo kisitegemee maneno mengi. Darasa la watoto 90 ligawe makundi matatu ya 30, kila kundi dakika 20 chini ya mwembe, na miembe Tabora haijawahi kuadimika. Panga visoda chini: kimoja, halafu vitatu, sita, kumi, kila umbo likiwa pembetatu. Uliza umbo la kumi litakuwa na visoda vingapi. Jibu ni 55, ila kinachotafutwa ni namna ya kulifikia: nani anahesabu kimoja kimoja, nani anaongeza safu, nani anajumlisha ya kwanza na ya mwisho. Andika njia ya kila mtoto, maana jibu peke yake linaibika kwa jirani.

Rudia na fumbo jingine baada ya wiki sita, kwa sababu kipimo kimoja hudanganya. Mwanasaikolojia Lewis Terman alipowasaka watoto wenye akili nyingi California miaka ya 1920, William Shockley na Luis Alvarez walipimwa wakakosa alama. Wote wawili baadaye walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kwa hiyo ongeza swali kwa wanafunzi wenyewe, kwa siri: ukikwama hesabu unamwendea nani? Watoto wanajuana.

Na chagua siku. Kwenye mialo ya Kigoma dagaa huvuliwa usiku wa giza, na kuna wavulana ambao hawaonekani shuleni mpaka mbalamwezi irudi. Pima wakati wa mbalamwezi. Urambo, Kaliua na Sikonge, epuka majuma ya kuvuna na kukausha tumbaku, watoto wako kwenye mabani.

Baada ya hapo ndipo wengi huharibu. Kosa la kwanza ni kumwongezea mtoto aliyetambuliwa kazi ile ile: wenzake maswali kumi, yeye ishirini. Hiyo ni adhabu. Mpe matano, kisha moja gumu la kukaa nalo siku mbili. La pili ni kumgeuza mwalimu msaidizi kila siku, naye hapati la kwake. La tatu ni kumtangaza mstarini kama bingwa. Akikosea kesho, ataogopa kujaribu.

Kutenga mikondo kwa uwezo? Mwaka 2005, kwenye shule 121 za msingi magharibi mwa Kenya, baadhi ziligawa darasa la kwanza hivyo na nyingine zikachanganya. Baada ya miezi 18 zilizogawa zilikuwa mbele, hata kwa watoto wa chini, kwa sababu mwalimu alifundisha kiwango kimoja. Hapa kwetu tungeliunga mkono kwa sharti moja: mkondo wa chini usipewe mwalimu aliyebaki. Sharti hilo likivunjwa, ni heri kuchanganya.

Kinachobaki ni karatasi. Matokeo ya visoda na mafumbo yakikaa kabatini kwa mwalimu wa taaluma, yanakufa siku anapohamishwa. Yawekwe kwenye jalada la mtoto, yamfuate hadi sekondari, iwe Tabora Wavulana au shule ya kata ya Kibondo, ili mwalimu wa hisabati wa kidato cha kwanza ajue kwamba huyu asiyeonyesha njia anayo.