Modeli ya maji waijenge wenyewe wanaoyagombania

Mtaalamu akija kwenye kikao cha wadau wa mto na grafu zake zimeshakamilika, mimi najua hapo muafaka hakuna. Wakulima watauliza hizo namba umezitoa wapi, watu wa umeme nao wataleta mtaalamu wao na grafu zake, na kikao kinageuka vita ya laptop.

Modeli shirikishi, yaani hesabu za kompyuta zinazoiga mto na zinazojengwa na wadau wenyewe, inaanzia kwingine kabisa, watu wanakaa kabla hata kompyuta haijawashwa wanabishana mto unaleta kiasi gani kiangazi, nani anachota wapi, maji yakipungua nani anakatiwa kwanza, na kila mmoja anataja anachoogopa kukipoteza, hicho ndo kinawekwa kwenye modeli kama kipimo. Mvuvi akisema samaki hawatagi maji yakishuka chini ya pale, inaingia na inapimwa, hata kama hana digrii. Wafadhili wanaona huu ubishi unapoteza muda kumbe ndo kazi yenyewe.

Angalia mto Potomac kule Marekani. Mwaka 1963 wahandisi wa jeshi walipendekeza mabwawa 16, watu wakayakataa, miaka ikaenda. Baadaye watafiti wa Johns Hopkins wakatengeneza modeli ambayo mameneja wa maji wa eneo la Washington waliicheza wenyewe kama gemu ya ukame, unafungulia bwawa, unaona wiki zijazo mto umebaki na nini, wakajionea kuwa mabwawa machache yakiendeshwa kwa pamoja yanafika mbali kuliko kila mtu kivyake. 1982 wakasaini mkataba, na mengi ya yale 16 hayakujengwa kamwe.

Ila tusidanganyane, modeli haimbembelezi anayepoteza. Ziwa Ontario, mpakani mwa Marekani na Kanada, walifanya hivihivi kuanzia 2000 kutafuta mpango mpya wa kudhibiti kina cha maji, wawakilishi wa pande zote ndani, na hesabu ikaonyesha wazi kwamba ukirudishia ardhi oevu uhai wake wenye nyumba za ufukweni wataumia kidogo zaidi. Mpango huo ukaanza Januari 2017, mwaka huohuo mvua zikapiga, ziwa likavunja rekodi, lawama zote zikaangukia mpango wakati kilicholeta mafuriko ni mvua. Kwa maoni yangu, siku modeli inapomtaja wa kuumia, ajenda inayofuata kikaoni iwe fidia yake, inatoka mfuko gani na lini, kabla mtu hajasaini chochote.