Lita 5 na lita 20

Likizo ya Juni nilimpeleka mwanangu wa miaka kumi kwa bibi yake Igogo, Mwanza, kule juu kwenye mawe. Asubuhi ya kwanza akataka naye ateke maji. Akapewa kidumu cha lita 5, akapanda nacho akihema, na alipofika uani bibi akampigia vigelegele. Shangazi yake akasema, "Huyu kalelewa." Nyuma yake alikuwa anakuja mpwa wangu, rika lake kabisa, ndoo ya lita 20 kichwani, mikono haishiki. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Aliambiwa amimine kwenye pipa, awahi nyingine kabla foleni haijajaa.

Jambo hilo halijanitoka moyoni. Kuteka maji kwa mwanangu kulihesabiwa malezi. Kwa mpwa wangu kulikuwa kuteka maji tu.

Mwanza tajiri na maskini wote wanakaa juu ya mawe, na ziwa wanaliona wote. Ila Capri Point, mtaa wa wenye nacho, lami inafika getini na maji yanapanda kwa bomba hadi kwenye tangi. Igogo na Mabatini, ukishaiacha barabara, njia ni vijia na ngazi za mawe, na kwenye nyumba nyingi maji yanapandishwa na kichwa cha mtoto au mama yake. Kwa hiyo tunapobishana nani analea vizuri, tuanze hapo.

Na ubishi upo. Ukikaa na watu wa umri wangu tuliokulia milimani, hoja ni moja: watoto wa geti kali ni legelege, hawajui kufua, hawajui kusalimia, wakikosa umeme wanalia. Sisi tulipata shida, na shida ikatufunza. Sibezi hoja hii, maana nimeiishi. Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba utamkuta mtoto wa darasa la nne anayepima dagaa kwa kopo, anarudisha chenji bila kukosea, na anajua kwa kumtazama mteja kama amekuja kununua au kupoteza muda. Dagaa zikiwa zimeanikwa na wingu likajifunga upande wa ziwa, watoto wa mtaa mzima wanakimbia kuzianua, za kwao na za jirani. Huko kujali kitu cha mwenzio hakuna shule ya kulipia inayokufundisha.

Mwalimu Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka mtoto wa shule ashike jembe ili asije akamdharau mkulima. Lakini tusisahau kwamba jembe lile lilikuwa la wanafunzi wote. Kazi ikishabaki kwa watoto wa upande mmoja tu, inakuwa zamu isiyokwisha, na hapo sioni tena somo ndani yake.

Kuna jingine linalonisumbua katika kuisifu shida: wanaoisifu ni sisi tuliotoka. Wenzangu wa darasa moja waliobebeshwa ndoo zile zile na hawakufika popote hatuwaiti kwenye maongezi haya.

Upande wa pili nao nausikiliza, kwa sababu leo ndiko niliko. Nimejenga Buhongwa, nina ukuta, nina geti. Watu husema ni majivuno. Kwa wazazi wengi ninaowajua ni hofu: bodaboda, bangi, binti kurubuniwa njiani. Na kuna lugha. Shule ya msingi ya Serikali inafundisha kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, halafu kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Mzazi mwenye uwezo anauona ukuta huo mapema, anamvusha mtoto wake akiwa na miaka minne kwa shule ya mchepuo wa Kiingereza. Asiye na uwezo naye anauona, hana la kufanya. Siwezi kumlaumu mzazi kwa kumvusha mwanawe. Nami nimefanya hivyo. Ila nisimwambie mtu kwamba mwanangu ana akili kuliko mpwa wangu.

Tunapenda pia kusema familia za wavuvi hazina mipango. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali hawavutwi na taa, basi mitumbwi inakaa ufukweni. Pesa ya dada yangu, anayeuza dagaa, inafuata mwezi wa angani. Mshahara wangu unafuata mwezi wa kalenda, na shule nayo inafuata kalenda. Ada ya shule za Serikali ilishafutwa, lakini sare, daftari na mchango wa chakula havikufutwa, na vinadaiwa hata siku ambazo mtumbwi haukuingia. Mtoto anayerudishwa nyumbani kwa mchango anajifunza kwamba ahadi ya mzazi haina uhakika. Wangu anajifunza kinyume chake, na wala si kwa sababu mimi ni mkweli kuliko dada yangu.

Sasa niseme lililo zito zaidi kwangu. Mtoto wa geti kali mara nyingi halelewi na wazazi wake. Tunatoka alfajiri, tunarudi giza limeingia. Anayemwogesha, anayemlisha, anayejua anaogopa nini usiku, ni dada wa kazi aliyetoka Ukerewe, Sengerema au Misungwi, pengine ana miaka kumi na mitano. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu ajira nyepesi kuanzia miaka 14, na sheria hiyo hiyo inampa mtoto haki ya kucheza. Ndani ya nyumba moja mtoto mmoja anacheza kwa sababu mtoto mwingine hachezi. Hili sijalisikia likitajwa hata mara moja kwenye vikao vyetu vya wazazi, na tunazungumza malezi saa nzima.

Mwaka huu mwanangu na mpwa wangu wote wanafanya upimaji wa taifa wa darasa la nne. Mwanangu akianguka nitamtafutia tuisheni, nitambadilishia shule, atapewa muda. Mpwa wangu akianguka watu watasema hana kichwa, na nimeshasikia mama mmoja akiulizia kama angefaa kwenda kukaa na mtoto wake mjini.

Nilihesabu siku niliyokuwa kule: safari nne za ndoo, nusu saa kila safari. Ni muda wa saa mbili kila asubuhi, na shule zikifunguliwa ni kabla ya kuvaa sare. Nimemwambia dada nitamlipia bomba lifike uani. Akanijibu kwa upole tu, "Kaka, la mtaa lenyewe limeishia kule chini barabarani."