Tozo tuliyoiona na tozo tusiyoiona

Julai 15, 2021 nilifungua kibanda changu cha uwakala wa pesa za simu pale Tandika, Dar es Salaam, kama siku zote. Kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimeshagombana na wateja watatu, watu ambao miaka yote tunasalimiana vizuri. Kila mmoja aliona makato kwenye meseji akaamini mimi ndiye niliyemkata. "Dada, hii nyingine ya nini?" Sikuwa na jibu la kumridhisha mtu.

Serikali ya Tanzania ilikuwa imeanza kutoza miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kulingana na kiasi. Mtu alikatwa akituma, na pesa hiyohiyo ikakatwa tena ikitolewa. Hapo ndipo palipouma, maana mtu wa kwetu hatumi pesa mikono mitupu. Anatuma "na ya kutolea", ili mama yake aliye Newala asipungukiwe hata shilingi. Mtumaji mmoja akajikuta amebeba ada ya kutuma, ada ya kutoa, na tozo mara mbili. Na ndani ya zile ada za kampuni tayari mlikuwa na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18.

Waliotetea tozo walikuwa na hoja nzito, na wengi wetu hatukuwasikiliza kwa sababu ya hasira. Mwalimu wa shule ya msingi anakatwa kodi kabla mshahara haujamfikia. Hana pa kukwepea. Dereva wa bodaboda, muuza mitumba mwenye mtaji wa mamilioni asiyetoa risiti, wanapita pembeni, wengine kwa haki na wengine kwa ujanja. Kwa miaka mingi kodi iliyokusanywa nchini ilikuwa karibu asilimia 11 au 12 tu ya pato la taifa. Kwa kiasi hicho huwezi kusomesha watoto bila ada, kujenga barabara na kuweka dawa hospitali bila kukopa. Madarasa 15,000 yaliyojengwa kwa haraka mwishoni mwa mwaka huo huo yalitokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3, na mkopo hulipwa. Tozo nayo, kwa maelezo ya Serikali, iliingiza zaidi ya shilingi bilioni 48 katika wiki nne za kwanza, zikaelekezwa kwenye vituo vya afya na madarasa. Mama mjamzito aliye kwenye tarafa isiyo na kituo cha afya hawezi kungoja tumalize kubishana.

Hayo nayakubali. Ninachokataa ni mahali walipochagua kuchotea. Kutuma pesa si kupata pesa. Kijana anayemtumia mdogo wake nauli ya kurudi shule hajaingiza chochote siku hiyo, amepungukiwa. Kumtoza pale ni kuutoza udugu, na udugu ndio unaotibu watu wengi katika nchi hii, ndio unaozika na kusomesha. Nililiona hilo mezani kwangu. Waliokuwa wakituma kila wiki wakaanza kukusanya na kutuma mara moja kwa mwezi. Wengine wakarudi kwenye bahasha, wanamkabidhi kondakta wa basi la mkoani pamoja na namba ya simu ya mpokeaji. Kamisheni yangu ikashuka, lakini kilichoniumiza zaidi ni bibi mmoja aliyekuja kutoa elfu tano, akasikia makato, akasema ngoja nirudi kesho labda yatapungua.

Na kweli yalipungua, ingawa si kesho yake. Septemba 2021 tozo ilishushwa kwa asilimia 30, kiwango cha juu kikawa 7,000. Julai 2022 kikashuka hadi 4,000, lakini safari hiyo tozo ikaingia na benki. Waliokaa kimya wakati wa kilio cha wa simu wakapaza sauti na wao, na ilipofika Oktoba, kuhamisha pesa kati ya benki na simu kukaachwa huru. Julai 2023 ile ya kutuma ikafutwa, ya kutoa ikabaki. Miaka miwili, na kila hatua ilitokana na watu kusema: redioni, vijiweni, bungeni, mbele ya meza yangu. Sikumbuki kodi nyingine ambayo mwananchi wa kawaida aliihoji kwa ukaribu namna hiyo.

Ndiyo maana nataka tuitazame vizuri bajeti iliyoifuta. Bajeti hiyohiyo ya 2023/24 iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Siku ile kibandani watu walishangilia tozo ya kutuma kuondoka. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuhusu mafuta. Desemba mwaka huo nauli za daladala zikapanda, ile ya shilingi 500 ikawa 600. Mafuta yalipanda kwa sababu nyingi, bei ya dunia na dola zikiwemo, siwezi kuibebesha tozo lawama zote. Lakini abiria anayetoa mia zaidi asubuhi na mia zaidi jioni hajui ni kiasi gani ndani yake kinakwenda Hazina. Anamgombeza konda.

Mzee mmoja jirani yangu huwa anasimulia kodi ya maendeleo, ile ya kichwa iliyofutwa mwaka 2003. Anakumbuka vijana wakikimbilia porini mgambo wakionekana. Alifurahi ilipoondoka, maana ilidhalilisha watu. Ila husema pia kwamba aliyekuwa na stakabadhi yake mfukoni alisimama mkutanoni akauliza barabara imeishia wapi, na mwenyekiti alijua huyu kalipa. Sitamani mgambo warudi. Lakini nimemwelewa mzee.

Watu wa mahesabu wanasema kodi ya mafuta ni rahisi kukusanya, haihitaji kumfukuza mtu, na mwenye magari matano hulipa zaidi ya asiye na gari. Ni kweli. Tena kuonekana peke yake hakutoshi: kodi ya majengo inaonekana kabisa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi mwaka 2021 na ikafika 1,500 mwaka 2023, na bado mpangaji wa chumba kimoja ndiye anayemlipia mwenye nyumba kila anaponunua umeme. Ni wachache wanaoweza kudai warudishiwe bila kuonyeshwa mlango.

Kwa hiyo mimi nikipewa kuchagua, nataka kodi inayolipwa na mwenye kipato, kwenye kipato chake, hata kama mwenye kipato hicho ni mimi. Mwaka mzima kamisheni yangu inajulikana hadi shilingi ya mwisho, iko kwenye mfumo. Kunitoza kwa haki hapo kunawezekana. Na kodi iliyomo ndani ya bei nataka iandikwe, kama VAT inavyoandikwa kwenye risiti ya EFD, ile mashine ya kodi ya dukani.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta. Redio ya kibandani huwa imewashwa. Mtangazaji anasoma petroli Dar es Salaam, Tanga, Mtwara, kisha dizeli, kisha mafuta ya taa, na wateja wananyamaza kidogo kusikiliza. Sijawahi kumsikia akitaja, katika lita hiyo moja, shilingi zetu za kodi ni ngapi.