Kipimo kipya cha mkojo kwa ajili ya figo: tukianzie wapi?

Mtoto wa kilo 10 aliyelazwa kwa malaria kali anatakiwa akojoe walau mililita 5 kila saa, yaani kijiko kimoja cha chai. Akikaa saa 6 bila kufikia hapo, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2012 unasema tayari ana jeraha la ghafla la figo.

Wanaovipigia debe vipimo vipya vya mkojo wana hoja nzito. Kreatinini tunayoipima kwenye damu, taka ya misuli ambayo figo huiondoa, huchelewa kupanda, na kwa mgonjwa aliyekonda inaweza kusomeka vizuri ilhali figo zinaumia. Protini iitwayo NGAL huongezeka kwenye mkojo saa chache tu baada ya mirija ya figo kujeruhiwa. Mwaka 2005 watafiti wa Cincinnati, Marekani, waliripoti watoto 71 waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Kwa walioumia figo, NGAL ilipanda ndani ya saa 2, kreatinini ikaja kuonyesha baada ya siku 1 hadi 3.

Lakini NGAL hupanda hata kwa maambukizi, na wodi zetu zimejaa maambukizi. Tena hakuna dawa ya kuponya figo iliyokwisha kujeruhiwa: daktari atasimamisha dawa zinazoiumiza, atarekebisha maji na presha, basi. Ujerumani, utafiti wa mwaka 2017 kwa wagonjwa 276 wa upasuaji wa moyo ulitumia kipimo cha aina hii kuchagua wa kuangaliwa kwa karibu. Majeraha ya figo yalishuka kutoka asilimia 72 hadi 55, ila vifo na mahitaji ya kusafishwa damu havikutofautiana. Uingereza, mwaka 2020, ilikataa kuvipendekeza kwa matumizi ya kawaida.

Kwa maoni yangu, vianzie pale ambapo saa ya kuumia inajulikana, kama upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Wodi ya wilaya inahitaji kwanza majibu ya kreatinini siku hiyo hiyo, na mtu wa kupima kiasi cha mkojo. Asubuhi mama huulizwa, "Amekojoa?" Hujibu, "Amekojoa," na ndivyo inavyoandikwa kwenye faili. Kiasi gani? Mizani ndogo ingetosha: pima nepi ikiwa kavu, ipime tena ikiwa imelowa, kila gramu iliyoongezeka ni kama mililita moja.

Hata hivyo, kuna mgonjwa mmoja ambaye mizani haimwoni, nami ananisumbua. Ni yule aliyepewa jentamisini, antibiotiki inayoweza kuumiza figo, kwa siku kadhaa. Figo zake zinaweza kuumia huku anakojoa vizuri kabisa, nepi nzito, chati safi. Huyo, hata katika wodi ya wilaya, kipimo cha NGAL kingeweza kumfaa kuliko macho yetu.